Mashine Nilizozijua Peke Yangu

Nilikuwa nimeomba uhamisho kwa miaka miwili. Binti yangu alikaa Kajiado na mama yangu, mimi niko Kitengela naangalia kompyuta za hospitali. Safari hii mkurugenzi alikubali, kwa sharti moja: mkaguzi kutoka Nairobi apime kama hospitali inajua kupanga nafasi ya mashine zake kabla hazijajaa. Ngazi za kipimo hicho zilikuwa tano. Tukifika ya tatu, niende.

Nilijidai, wacha nikiri. Miaka yote hiyo mashine hazikuwahi kujaa mikononi mwangu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Baba alisimama kwenye lango la boma jioni, akatazama, akajua yupi hajarudi. Na mimi nilizichunga mashine vivyo hivyo. Nafungua skrini asubuhi, natazama, najua.

"Imeandikwa wapi?" mkaguzi akauliza. Alikuwa mama mpole, mwenye hijabu, hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

"Iko kwa kichwa."

"Na msaidizi wako anajua?"

Msaidizi wangu akatazama viatu vyake. Mkaguzi akachukua simu yangu, akaniambia niketi kantini saa moja nzima. Alitaka kuona ofisi ikiwa bila mimi.

Chai ilipoa. Nilimkasirikia, nikajikasirikia. Halafu nikakumbuka: leo ni Alhamisi! Kila Alhamisi asubuhi nafuta nakala za picha za eksirei ambazo zimeshahifadhiwa kwingine, la sivyo nafasi inaisha na faili za wagonjwa hazifunguki. Ukaguzi ulikuwa umenisahaulisha, na sikuwahi kumfunza mtu. Nikirudi, nimejiangusha mwenyewe. Nikikaa, mgonjwa fulani atakwama. Woi! Dakika tano nzima nilikaa pale nikimwomba Mungu kwamba msaidizi wangu abahatishe kuzifuta, na aibu ya zile dakika ninayo hadi leo.

Nikakimbia. Kwenye dirisha la dawa foleni ilikuwa imesimama, mama mmoja amembeba mtoto mwenye homa, mhudumu akimwambia, "Ngoja kidogo, sistimu imekataa." Nikaingia ofisini, nikafuta zile picha, faili zikafunguka, mtoto akapewa dawa. Nilipogeuka, mkaguzi alikuwa nyuma yangu.

"Pole, dada. Ni ngazi ya kwanza," akasema. "Na kama leo ungekuwa Kajiado?"

Mkurugenzi hakunigombeza, alisema tu kwamba kwa sasa siwezi kuondoka.

Niliporudishiwa simu, nikampigia binti yangu. Nikauliza habari za shule, nikauliza mbuzi, nikazunguka weee, mpaka akanikata: "Mami, unakuja Jumamosi na vitu zako?"

"Bado kidogo, mwanangu. Kuna kazi haijaisha huku."

Nilingoja alie. Nilikuwa nimejitayarisha kumbembeleza.

"Ni sawa," akasema. "Nilikuwa nimeshaambia nyanya hutakuja."