Kura ya Jioni

Juzi watafiti waliwaita ukumbini hapa Bagamoyo wagonjwa na wanaowauguza, waseme kichunguzwe nini kwanza. Mimi siuguzi mtu, lakini mkutano bila mimi haunogi.

Mama mmoja wa Kaole, mumewe kapooza, alisimama akijishika kiuno. "Wanangu, chunguzeni mtu mzito anageuzwaje kitandani na mtu mmoja asivunjike mgongo."

"Swali lako tutalipigia kura jioni, mama," akajibiwa kwa adabu.

"Jioni mume wangu atageuzwa na nani?" Akajitanda khanga, akaondoka. Wenye wagonjwa wakamfuata mmoja mmoja.

Jioni swali lake lilipata mkono mmoja, wangu. Nikaambiwa niushushe, siuguzi mtu.

Nilivyo mjuaji nikauliza, "Na hawa waliobaki wanamuuguza nani?"

Nikaambiwa nikae, muda umekwisha.