Spea yetu ilikuwa kwa mkokoteni wa jirani, Mama akakosa operesheni ya macho

Wakuu, nawasalimu kutoka Kakamega, na hasira bado ziko juu. Nitaeleza ilivyotokea bila kuongeza chumvi, kwa sababu haihitaji.

Nyumbani kwetu ni karibu na Shianda, ndani kabisa kwenye miwa. Mimi nafanya kazi mjini. Gari niliacha nyumbani na ndugu yangu Makokha, awe anamsaidia Mama.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi anatujua kwa sauti. Maharagwe hachambui tena, na hilo linamuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Tuliposikia madaktari wa macho wanakuja hospitali moja hapa mjini, kwa siku moja tu, tukamwandikisha mara moja. Mama aliambia kanisa zima kwamba Jumapili ataziona sura zao.

Siku yenyewe ikafika, nami nilikuwa nimekuja nyumbani kumpeleka. Nikamuuliza Makokha hali ya matairi. Akazunguka gari akipiga kila tairi teke. Hiyo ndiyo service yetu huku. Tairi likirudisha mguu, ni zima.

Nikauliza, spea iko? Akasema iko.

Tukatoka. Kufika tu kwa lami, tairi la nyuma likapasuka. Namshukuru Mungu hatukuwa na speed. Nikafungua buti. Mahali pa spea palikuwa na gunia tupu na jembe.

"Makokha, si umesema spea iko?"

"Iko. Iko kwa mkokoteni ya Wesonga."

Wesonga ni jirani. Kulikuwa na matanga kwake, na mkokoteni wake wa ng'ombe ukapata pancha ukibeba maji na kuni za wapishi. Makokha akatoa spea yetu. Na nyinyi mnajua, huku kwetu huwezi kunyima mtu kitu cha matanga. Utasemwa mpaka siku ya matanga yako.

Sawa. Lakini marehemu alizikwa, wageni wakaenda, viti vikarudishwa kanisani. Tairi letu pekee ndilo lilibaki, likisomba miwa!

Makokha akapanda boda kulifuata. Akapata mkokoteni katikati ya shamba, umejaa mpaka juu, ikabidi wateremshe miwa yote kwanza.

Sisi tukabaki kando ya barabara. Ilikuwa siku ya soko, matatu zote zinapita zimejaa. Boda Mama hapandi tangu alipoanguka nayo. Alikaa kiti cha mbele, mkoba kwenye magoti, akiuliza kila pikipiki ikipita kama ni Makokha.

Tairi lilipofika halikuwa na upepo. Ng'ombe hawalalamikii pressure. Tukalijaza kwa pampu ya baiskeli tuliyoazima, jasho likitutoka.

Hospitalini tukapata wamefunga orodha. Nesi alituhurumia kweli, lakini akasema tungoje madaktari warudi, na hajui ni lini.

Nilitaka kulia. Mama akasema tu, "Twende nyumbani. Giza nimezoea."

Jioni Makokha akaanza kujitetea. Eti tairi lilikuwa zima, ni bahati mbaya. Mama akainuka, akapapasa mpaka kwa gari, akainama na kupitisha kiganja kwenye matairi, moja baada ya jingine. La mbele alirudia.

"Makokha, hii imekuwa laini kama kipara ya baba yako. Wewe mwenye macho, ulikuwa unaangalianga nini?"



Kwa hivyo wakuu, acheni mateke. Nunueni geji. Pimeni upepo gari likiwa baridi, kabla halijatembea, na mfuate kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Hii tabia ya kujaza mpaka tairi liwe jiwe, eti ndio libebe mzigo, tuiache. Angalieni nyufa za ubavuni. Halafu pitisha kiganja kama Mama. Mifereji ikiisha, tairi limeisha, usiniambie litasukuma mwezi mwingine.

Spea nayo hupimwa. Na mtu wa matanga mpe kuku, mpe gunia la mahindi, mpe hata kitanda chako ulale chini. Spea ibaki kwa buti.

Matairi tumebadilisha. Madaktari bado hawajarudi. Jumapili Mama alienda kanisani, akasalimiana na watu kwa sauti zao, kama kawaida.

Mwenye maoni atoe, hata matusi nitayapokea kwa niaba ya Makokha. Lakini kabla hujaniandikia, nenda kwanza ufungue buti.