Tikisa Mara Mbili

Bashiran Bibi alianza kushona mipira ya miguu mwaka alioolewa. Akashona hadi alipofiwa na mume, na arubaini ilipokwisha akarudi kwenye kigoda chake kushona tena. Katika vijiji vya kuzunguka mji wa Sialkot hilo si jambo la kuhadithiwa. Mpira unabanwa katikati ya magoti, sindano mbili zinapishana katika tundu moja, uzi wenye nta unavutwa kwa nguvu zote. Uzi huo ndio uliomla vidole. Ncha zake ziligeuka sugu tupu, hata alipokwenda kuchukua kitambulisho mashine ilikataa kata kata kwamba ana alama za vidole. Wale wanaoipiga teke mipira hiyo huko duniani hawayajui haya, na wangeyajua wangeendelea kupiga teke tu.

Kwa hiyo mwanawe wa pekee, Shafqat, alipomnunulia simu ya kioo kabla ya kwenda Ghuba kwenye kazi za ujenzi, kioo hakikumtambua. Akabonyeza, akasugua, akalowesha kidole kwa mate. Wapi!

"Amma, simu hii inataka kidole cha mtu," Shafqat akacheka. "Wewe una ngozi ya mpira."

"Ngozi hii ndiyo iliyokulisha, mwanaharamu we!"

Shafqat akapekuapekua ndani ya simu mpaka akapata namna ya kuifanya itii mkono badala ya kidole. Iinue sikioni, inapokea, kisha ishushe umwone anayepiga. Ilaze kulia, picha zinakwenda mbele, ilaze kushoto zinarudi. Bashiran akaelewa upesi. Jioni akawa anakaa kwenye kitanda cha kamba, anaipindua simu taratibu na kutazama picha za mwanawe, na mkaza mwanawe, Nasim, anamcheka kutoka jikoni.

"Amma, unatazama picha au unapepeta mchele?"

La kukata simu lilikuja baadaye, Shafqat akiwa amekwisha ondoka. Bashiran hakujua kuikata, basi akaiweka wazi juu ya kitanda na kuanza kumsengenya Nasim kwa jirani: mikate yake migumu ya roti, usingizi wake mrefu. Shafqat alisikia yote kutoka Ghuba, akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake akamwelekeza Nasim kwa simu jinsi ya kuongeza amri moja: tikisa mara mbili, inakata.

Siku ile Shafqat alipoondoka, mama yake alimfanyia lile wanalolifanya mama zetu wote. Alimzungushia mikono kichwani, kisha akaileta kwenye kichwa chake mwenyewe, ili balaa lolote linalomwandama mtoto limhamie yeye. Tangu hapo, kila walipomaliza kuongea na picha yake kuzimika, Bashiran aliibusu simu na kuizungusha juu ya kichwa chake. Balaa lako kwangu, mwanangu. Nasim aliliona hilo kila mara, wala hakuona neno la kusema.

Asubuhi moja simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Riaz, kijana wa kijiji cha jirani aliyekuwa akifanya kazi na Shafqat, na aliyemwita Bashiran Khala, mama mdogo.

"Khala, jikaze. Shafqat ameanguka kutoka ghorofani. Yuko hospitali, akili zake anazo, wanataka kumpasua. Kabla hawajamwingiza atakupigia mwenyewe. Anasema ana neno lazima akwambie wewe."

Bashiran akaketi uani na simu mapajani. Nasim alikuwa kwenye tanuri la mtaani na unga wake, hajui kitu, na mama mkwe hakuthubutu kuondoka hapo alipo kwenda kumwita.

Simu ikalia. Akaiinua, akaishusha, akamwona. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limezibwa, midomo imekauka.

"Amma."

"Niko hapa, roho yangu."

"Amma, usilie. Nisikilize vizuri, hawa watu wananiharakisha. Kuna neno nataka ulijue, kuhusu Nasim na..."

Hapo mama akashindwa. Nani angeweza? Mtoto alikuwa mkononi mwake, kichwa chake kile, na balaa lenyewe limeandikwa usoni. Mkono ukapanda wenyewe. Akamzungusha juu ya kichwa chake kwa haraka, mara moja, mara ya pili, huku akilia, "Nife mimi! Kwangu mimi!"

Aliposhusha mkono, kioo kilikuwa cheusi.

Akaiinua sikioni. Kimya. Akabonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza kwa pua, kisha akakimbia peku hadi kwenye tanuri. Nasim akaipokea simu kwa vidole vyenye unga na kupiga, akapiga tena. Mwishowe Riaz akapokea.

"Wameshamwingiza, Khala. Aliendelea kuongea na simu, hakujua imekatika, mpaka wakamnyang'anya."

"Alisema nini?" Bashiran akauliza.

"Nilikuwa nje, namwona kwa kioo cha mlango tu. Sikusikia."

Shafqat hakutoka mzima katika chumba kile.

Nasim alikuwa na mimba changa, na alikuwa amemwambia mumewe peke yake. Huenda neno lilikuwa hilo, huenda lilikuwa jingine. Nasim akaifuta amri ile ya kutikisa kwenye simu, akiwa hana hata nguvu ya kulaumu.

Sanduku lilipoletwa uani, wanawake wakalia na kujipiga vifua. Jirani akamsogelea Bashiran. "Dada, mzungushie mwanao mikono mara ya mwisho, umuage."

"Siwezi. Nitamkata."

Alikuwa ameibana mikono yote miwili kwapani, kwa nguvu zote. Akainamisha sikio kwenye ubao wa sanduku, akanong'ona.

"Sema, mwanangu. Sema sasa. Mama hatikisiki."