Emanuel Simjui

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama nje ya ofisi ya kata hapa Mwanza, shati nimelipiga pasi ya mkaa mara mbili, maana mkunjo mmoja tu ungeninyima raha siku nzima. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliishia darasa la saba, mengine nikajisomea kwenye magazeti ya kufungia maandazi na kamusi isiyo na jalada. Maneno ya kumwambia ofisa nilikuwa nimeyakariri njiani, nikishuka mlima wetu wa mawe, macho chini, midomo ikicheza peke yake.

Nilitafuta cheti cha kuzaliwa. Chuo cha ufundi kilikuwa kimenikubali, lakini nisipopeleka cheti wiki ile, nafasi yangu ilikuwa inakwenda kwa mwingine. Sikuzaliwa hospitali. Mama alikuwa ameshafariki, baba sikumjua. Wilayani wakaniambia nilete kwanza barua ya kata, ya kusema kwamba mimi kweli nimezaliwa pale.

Mtendaji wa kata alikuwa mama wa Kihaya, mpole, miwani imeshuka puani. Alisoma maombi yangu hadi mwisho.

"Mwandiko mzuri, Emanuel. Balozi wako nani?"

Yote niliyokariri yakayeyuka. Vyama vingi vilikuwa vimeanza, na mimi msomaji wa magazeti nilidhani mabalozi, wale wasimamizi wa kila nyumba kumi, wamekwisha.

"Wamekwisha kwenye gazeti," alisema mtendaji. "Huku kwetu wapo. Umekulia mtaa ule, balozi wako humjui?"

Nyuma yangu, kwenye benchi, mzee mmoja akadakia. "Kijana huyu namwona kila siku, mama. Anapishana na watu kama anapishana na mawe!"

Benchi zima likacheka. Mzee akaniambia, bado anacheka, "Balozi wenu ni Nyamizi. Yule wa mapanki."

Mapanki ni mifupa ya samaki sangara, inayobaki viwanda vikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Bibi Nyamizi aliyaanika juu ya mawe mawili makubwa kando ya njia yetu, na mimi kila nilipopita pale niliziba pua kwa leso. Nilijali sana leso iwe safi. Kumsalimu sikuwahi kukumbuka.

Nikapanda mlima. Nilimkuta anageuza mapanki yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo pua imezibuka?"

Nilijieleza kwa Kiswahili changu cha kamusi, kwamba Emanuel anaomba kutambulishwa. Akanisikiliza, kisha akasema taratibu, "Emanuel simjui."

Nilidhani ni hasira. "Ni mimi, bibi."

"Wewe ni Mabula."

Mwanangu, jina hilo nilikuwa nimeliacha kwa makusudi, nikajiandikisha Emanuel. Niliona ni la shamba, halipendezi mbele ya mhuri. Na mwenyewe sikujua nimelipata wapi.

"Selikali ikiniuliza, nitamsemea Mabula," alisema. "Huyo Emanuel atafute balozi wake."

Siku nyingine hiyo selikali yake ya herufi l ingeniumiza masikio. Siku ile niliogopa tu asije akakataa. Akanawa mikono, akajifunga kanga, akatangulia kushuka.

Ofisini hakuketi. Mtendaji alimuuliza kama ananifahamu, na bibi akaanza kueleza kama mtu anayesimulia jambo la jana.

"Mama yake alikuwa mgeni, katoka Misungwi, hana ndugu hapa. Uchungu ukamshika mvua inanyesha. Tukasema tumshushe hospitali, njia imekuwa mto. Basi tukamwingiza kati ya yale mawe mawili, pale ninapoanika mapanki. Wanawake tukawasha moto pembeni, tukavua kanga tukazishika juu yake, sisi tukanyeshewa. Mtoto akalia. Mama yake akaniambia, mpe jina wewe, mimi hapa sina mtu. Nikasema huyu ni Mabula, wa mvua, maana mvua ndiyo imemleta."

Mtendaji alikuwa ameweka kalamu chini. Yule mzee wa benchi alikuwa amevua kofia.

"Kuni zile nilileta mimi," alisema polepole.

"Zilikuwa mbichi," bibi akamjibu. "Zilitutoa machozi."

Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Niliwatazama wale wazee wawili nikaona kama nasimama chini ya kitu kikubwa kuliko mlima wetu. Walikuwa wameibeba siku yangu ya kwanza miaka yote ile, na mimi nikipita mbele yao nimeziba pua, mahali penyewe nilipozaliwa.

Mtendaji akanisogezea karatasi. "Andika upya, Mabula."

Wino ukadondoka katikati ya jina. Nikaomba karatasi nyingine. "Linasomeka," akasema, akagonga mhuri. Kwa barua ile wilayani walinipa cheti, chuoni wakabadili jina daftarini wakanipokea wiki ileile, na cheti changu, ambacho bado ninacho, kinasema Mabula.

Basi mwanangu, unapokwenda kwenye ofisi za mjini, nenda na karatasi zako zote, na shati lipige pasi. Mimi hadi leo napiga mara mbili, sijapona. Lakini wasalimu watu wa mtaa wako kabla hujawahitaji. Serikali ile niliyoiogopa, yenye milango na mihuri yote ile, ilipotaka kujua mimi ni nani ilibidi inyamaze, imsikilize Bibi Nyamizi. Na jina ulilopewa usiliache kabla hujamuuliza aliyekupa.

Mungu akulinde katika mji huu. Mvua yako ikukute kati ya watu, na siku utakapoulizwa nani anakufahamu, asikosekane wa kuinuka kwenye benchi na kusema kwamba kuni zile alileta yeye.