Swali la Tisa

Mwalimu mmoja alikuwa amesahihisha mitihani miaka kumi na tisa, na kwa alama alikuwa mkono wa birika. Siku hiyo swali la tisa lilisema: "Taja faida moja ya mvua." Mtoto mmoja aliandika: "Sijaiona. Mvua iliangusha nyumba yetu, mama akiwa ndani."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akampelekea karatasi ile kiongozi wa meza, aliyesimamia wasahihishaji wenzake.

"Dada, huyu tumpe hata nusu."

Kiongozi alisoma, akashusha pumzi. "Mwongozo una majibu matatu tu, kaka. Hili halimo."

Mwalimu akarudi kitini, akaandika sifuri ndogo sana, akavuta karatasi nyingine. Mwaka uliofuata alipoitwa kusahihisha, alisema macho yanamsumbua.