Kigingi mlangoni kwa mama

Jamani, nyumba ya mama yangu itabomolewa kupisha kituo cha gari la moshi, na aliyewaonyesha mahali ni mimi.

Juzi mpimaji Mjerumani aliniuliza, mimi karani wake, wapi hapa Dodoma maji ya mvua hayafiki.

Nikafungua daftari langu. Humo nimeandika kila mafuriko na tarehe yake.

"Ni kwetu tu, bwana." Nilijibu kwa majivuno, kusema kweli.

Leo tumepigilia vigingi. Cha mwisho kimeingia mlangoni kwa mama.

"Kazi safi, karani," mpimaji akasema.

Mama alituletea maji ya kunywa, akaniuliza polepole, "Mwanangu, hawa wamejuaje kwamba mafuriko hayafiki hapa?"

Nilikuwa bado nimeshika nyundo.

Ninyi mngemjibuje?