Panchi ya Baba Mkwe

Kasmiri wa Makoko alikuwa na kibali cha kutengeneza bunduki, meza, jiliwa ya kubania vyuma yenye taya iliyolika upande, na hofu. Kibali kilining'inia ukutani. Hofu aliibeba tumboni, na mwaka ule wa themanini na sita ilikuwa imenenepa kuliko yeye.

Bunduki iliyomnyima usingizi ilikuwa ya baba mkwe. Mzee Burito wa Buswahili aliimiliki kihalali kabisa, leseni na muhuri, ya kufukuzia viboko shambani. Lakini mwaka wa themanini na tatu, wahujumu uchumi waliposakwa, mzee aliingiwa na woga akafukia kila kizuri alichokuwa nacho: sabuni katoni mbili, redio, na hiyo bunduki yenye leseni. Leseni yenyewe akaiacha kabatini. Alipokuja kufukua, sabuni ilikuwa uji, redio imekufa, na triga imeganda kama imechomelewa. Sasa tangazo limetoka: ukaguzi wa silaha ni Ijumaa, na bunduki isiyofyatuka hairudi kwa mwenyewe. Viboko wao hawakutangaziwa chochote.

Triga isingelegea mpaka pini moja itoke, pini nene kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Kazi yote ipo kwenye kuchagua panchi, kile chuma cha kusukumia. Ikiwa nene, inakwama tunduni na kulipanua. Ikiwa nyembamba mno, inaponda kichwa cha pini kikatanuka kama uyoga, na hapo haitoki mpaka kiama. Kasmiri alikuwa na panchi moja nene na sindano ya kushonea magunia. Ile ya katikati ilipotea miaka ambayo hata msumari ulipatikana kwa kujuana.

Akasikia maduka ya Bunda yameanza kujaa vitu. Mzee Burito alikuwa anakwenda huko kwenye ubatizo wa mjukuu, basi mkewe Kasmiri, Pelagia, akamwandikia baba yake barua: anunue panchi ndogo. Peni ilikuwa inakata wino. Herufi ya mwisho ikatoka ilivyopenda yenyewe.

Alhamisi saa nne mzee akafika kwa baiskeli, akaiegemeza mlangoni, akafungua kifurushi mezani. Gundi, viraka sita, na kibati cha kukwangulia mpira.

"Pancha hiyo, mkwe," akasema. "Ya kutoka nje. Nimezunguka maduka matatu."

Kasmiri akashukuru. Akashukuru tena, maana baba wa mkeo humwambii kwamba amekosea, na machoni humtazami. Mzee akavuta kigoda karibu na jiliwa, akae aone bunduki ikizibwa.

Kasmiri akashika sindano, akainua nyundo, akaishusha. Akashika panchi nene, akaiweka. Akapangusa pini aliyokwisha kuipangusa mara tatu. Mzee akauliza kwa utulivu kama tundu lenyewe wamelipata au watumbukize bunduki kwenye karai la maji wafuate mapovu. Jikoni Pelagia akashikwa na kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi.

Kwa adabu na kwa kukata tamaa, Kasmiri akainamisha macho chini. Na huko chini, mlangoni, kulikuwa na gurudumu la baiskeli.

"Baba," akasema polepole, "pancha hii haifanyi kazi peke yake. Inataka spoki."

"Spoki ya nani?"

"Ya baiskeli iliyoileta."

Mzee akafikiri. "Nilikuwaga nimeitilia mashaka. Nyepesi mno. Haya, toa. Ila moja."

Kasmiri akaikata spoki, nene kuliko sindano na nyembamba kuliko panchi, vipande viwili: kifupi cha kuanzia, kwa kuwa kirefu kingepinda kwa pigo la kwanza, na kirefu cha kumalizia. Akasawazisha ncha kwa tupa. Akagonga. Pini haikusogea. Akagonga tena, vilevile. Pigo la tatu likatoa mlio mwingine. Akabadilisha kipande, akasukuma, pini ikaangukia kwenye kopo.

Ijumaa bunduki ilifyatuka mbele ya askari. Mzee akarudi Buswahili gurudumu likiyumba, akisimulia kila kijiji alichopita habari za pancha ya Bunda.

Jumatano iliyofuata wanaume wawili wa Buswahili wakafika Makoko na bunduki zenye udongo. Kila mmoja alikuja na gundi yake na viraka sita. Walikuwa wamekuja kwa miguu.